Miguu Inawaka Moto: Kwa Nini Napewa Dawa ya Sonona?

  Kaa karibu na redio yako. Ikiwa una kalamu na daftari, viweke tayari.

Leo tunazungumza juu ya kidonge kidogo ambacho kimeleta maneno makubwa katika nyumba zetu hapa Kegonga, Ntimaru na hata kule Kehancha. Kidonge hicho kinaitwa amitriptilini.

Mambo huwa hivi. Mama ana ugonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Nyayo zake zinawaka usiku kama amekanyaga makaa. Anakwenda hospitali, anapimwa, anapewa dawa zake za kisukari na amitriptilini ya kumeza usiku. Akifika nyumbani, binti yake wa sekondari anasoma karatasi iliyo ndani ya pakiti na kusema, "Mama, hii ni dawa ya sonona." Hapo maneno yanaanza. "Kumbe wameona mama ana wazimu!" Mwingine anasema, "Mimi nimewaambia miguu inaniuma, wao wananipa dawa ya kichwa." Kidonge kinatupwa chooni. Usiku ukifika miguu inawaka tena, mama halali, na asubuhi hana nguvu ya kwenda shambani wala ya kuwapikia watoto uji.

Je, daktari alikosea? Hapana. Lakini pia ni kweli kwamba karatasi ile haikusema uongo. Tusikilize polepole ili tuelewe.

Maumivu ya neva ni nini?

Mwilini mwetu kuna neva, yaani mishipa ya fahamu. Hizi si mishipa ya damu. Ni kama nyaya za simu. Ukikanyaga mwiba, neva za mguuni zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, na ubongo unasema, "Inua mguu!" Hayo ni maumivu ya kawaida, na yana faida. Yanatulinda.

Lakini neva zenyewe zikiharibika, zinaanza kupeleka habari za uongo. Hakuna mwiba wala moto, lakini ubongo unaambiwa kuna moto. Hayo ndiyo maumivu ya neva. Utayatambua kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Atasema nyayo zinawaka. Atasema anachomwa na sindano, au siafu wanatembea ndani ya ngozi. Atasema miguu ina ganzi lakini bado inauma. Wengine hawawezi hata kuvumilia shuka liguse mguu. Mara nyingi huanza kwenye vidole vya miguu vyote viwili, hupanda polepole, na huzidi usiku.

Wapo wanaosema mtu kama huyo amekanyaga uchawi njiani. Mama, kabla hujauza mbuzi ili umlipe mganga, mpeleke mgonjwa akapimwe. Sababu zinazojulikana ni nyingi, na baadhi zinatibika.

Sababu za kawaida hapa kwetu

Ya kwanza ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, inaharibu neva, hasa za miguu.

Ya pili ni virusi vya ukimwi. Virusi vyenyewe vinaweza kuumiza neva. Zaidi ya hayo, wale walioanza dawa za kupunguza makali miaka ya 2000 wengi walipewa stavudini, ile iliyoandikwa d4T kwenye kadi. Iliokoa maisha ya watu wengi, lakini iliwaachia baadhi yao miguu ya ganzi na moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache polepole kwa sababu ya madhara hayo, na Kenya ikafanya hivyo. Dawa zinazotumika sasa hazina tatizo hilo kama stavudini. Lakini neva zilizoumia wakati ule, kwa watu wengine hazikupona. Kwa hiyo ukimwona mama ametumia dawa zake vizuri kwa miaka zaidi ya kumi na tano, na virusi havionekani kwenye kipimo, lakini bado analalamika miguu, usimwambie anajifanya.

Ya tatu ni isoniazidi, dawa ya kutibu na kukinga kifua kikuu. Dawa hii inapunguza vitamini B6 mwilini, na neva zinaumia. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kidonge cha B6 pamoja nayo. Usikiache kile kidonge ukidhani ni cha ziada tu.

Ya nne ni mkanda wa jeshi. Malengelenge yanapona, lakini maumivu yanaweza kubaki pale pale kwa miezi au miaka.

Ya tano ni pombe. Anayekunywa chang'aa kila siku na kula kidogo anaziua neva zake mwenyewe.

Dawa ya sonona inafanya nini kwenye mguu?

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Amitriptilini ilianza kutumika kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye madaktari waliona kuwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu walipata nafuu pia.

Inafanyaje kazi? Ubongo wako haupokei tu habari za maumivu, bali una uwezo wa kuzipunguza. Kuna njia inayotoka kwenye ubongo na kushuka kwenye uti wa mgongo, na kazi yake ni kufunga mlango ili habari za maumivu zisipite zote. Umeshawahi kumwona mtu akiumia katikati ya mpira na asihisi mpaka mchezo uishe? Ni mlango huo umefungwa. Mlango huo unatumia kemikali mbili za mwili, serotonini na noradrenalini. Kemikali hizo hizo zinahusika pia na hali ya moyo wetu, furaha na huzuni. Amitriptilini inazifanya zikae muda mrefu zaidi mahali pa kazi. Basi kidonge kimoja kina kazi mbili. Ni kama jembe. Unalimia mahindi, na jembe lile lile unachimbia mtaro wa maji.

Wengine watauliza, "Huenda mgonjwa anafurahi tu, ndipo anasahau maumivu?" Swali hilo watafiti walijiuliza pia. Mwaka 1992 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa wa kisukari wenye maumivu ya neva ulichapishwa. Kati ya wagonjwa 38 waliotumia amitriptilini, 28 walipata nafuu ya kutosha. Nafuu ilipatikana hata kwa wale ambao hawakuwa na sonona kabisa. Dawa nyingine ya sonona, fluoksetini, iliwasaidia 22 kati ya 46, na kidonge kisicho na dawa kiliwasaidia 19 kati ya 46. Yaani fluoksetini haikutofautiana sana na kidonge kisicho na dawa. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, amitriptilini inatuliza maumivu yenyewe. Pili, si kila dawa ya sonona inatuliza maumivu ya neva. Usichukue dawa ya jirani kwa sababu majina yanafanana kazi.

Pia kiasi ni tofauti. Kwa maumivu ya neva, daktari huanza na kiasi kidogo, mara nyingi kidogo kuliko kile cha kutibu sonona, halafu anapandisha polepole akiona inavumilika.

Tuseme ukweli wote

Mama, sitaki nikuambie kuwa kidonge hiki ni muujiza. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio mengi ya dawa za maumivu ya neva kutoka nchi mbalimbali. Kwa kundi la dawa ambalo amitriptilini imo ndani yake, waliona hivi: ukiwapa watu wanne hivi, mmoja wao atapata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Wengine wanapata nafuu ndogo, na wengine hawapati. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 130 wa kisukari ulilinganisha amitriptilini na dawa mbili nyingine, duloksetini na pregabalini. Zote tatu zilituliza maumivu kwa kiwango karibu sawa. Kwa nyumba ya mkulima hiyo ni habari njema, maana amitriptilini ni ya zamani na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kati ya hizo.

Na wale wenye maumivu yaliyoletwa na virusi vya ukimwi? Hapa habari si nzuri sana. Majaribio mawili ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1998, na lingine la Afrika Kusini la mwaka 2015 lililohusu watu zaidi ya 100, hayakuona amitriptilini ikishinda kidonge kisicho na dawa. Je, ina maana mgonjwa wa aina hii asipewe kamwe? Daktari anaweza bado kuijaribu, kwa sababu mtu huyo huyo anaweza kuwa na kisukari, au mkanda wa jeshi, au sonona, au kukosa usingizi. Lakini ni haki yako kuuliza, "Tutaijaribu kwa muda gani, na tutajuaje kama inasaidia?"

Njia rahisi ya kujua ni hii. Kila jioni mwulize mgonjwa, "Kutoka sifuri mpaka kumi, leo maumivu ni ngapi?" Sifuri ni hakuna, kumi ni yale asiyoweza kuvumilia. Andika kwenye daftari. Andika pia kama alilala. Ukirudi kliniki, mpe daktari daftari hilo. Kama baada ya wiki sita hadi nane za kiasi kinachofaa namba hazijashuka na usingizi haujarudi, hakuna sababu ya kuendelea kumeza bila faida. Daktari atabadilisha mpango.

Namna ya kuitumia

Imeze usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa sababu inaleta usingizi. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kuamka na kichwa kizito. Asipande pikipiki kuiendesha, wala asishike panga au kuchunga moto mpaka ajue mwili wake umeipokea vipi.

Usitarajie nafuu kesho asubuhi. Kwa maumivu, inaweza kuchukua wiki moja hadi kadhaa. Wengi huacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Vumilia.

Madhara ya kawaida ni mdomo kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu kidogo, na kizunguzungu ukisimama ghafla. Kunywa maji, kula mboga na matunda, na ukiamka kaa kwanza kando ya kitanda kabla ya kusimama. Kwa mzee, jambo hili la kizunguzungu ni kubwa, maana akianguka usiku anaweza kuvunjika nyonga.

Mwambie daktari mapema kama mgonjwa ana ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, au kama ni mzee wa kiume anayepata shida ya kukojoa. Mwambie kama una mimba au unanyonyesha. Mwambie dawa zote unazotumia, za ukimwi, za presha, tramado ya maumivu, na hata za miti shamba. Baadhi zikikutana na amitriptilini zinaongezeana nguvu. Usione haya kusema ulinunua dukani au ng'ambo ya mpaka.

Pombe na kidonge hiki havikai nyumba moja.

Kidonge hiki hakikufanyi mtumwa wake kama pombe au sigara. Lakini usikiache ghafla baada ya kukitumia kwa wiki nyingi. Unaweza kupata kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya kliniki.

Sasa sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Amitriptilini ikizidi ni sumu kali, inayosimamisha moyo. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache tu vinaweza kuua. Usiviweke chini ya mto, wala kwenye mfuko wa nguo uliotundikwa ukutani. Viweke kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa ukingoje aone vizuri. Shika pakiti, panda boda boda, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mambo ya kufanya pamoja na kidonge

Kidonge kinafunga mlango wa maumivu, lakini hakiponyi neva. Chanzo lazima kishughulikiwe. Mwenye kisukari ashushe sukari. Anayekunywa apunguze, kisha aache. Mwenye isoniazidi ameze B6 yake.

Mguu wenye ganzi ni hatari kwa sababu hausikii. Kila jioni, osha miguu ya mgonjwa kwa maji uliyoyapima kwa kiwiko chako wewe, siyo kwa mguu wake. Kausha katikati ya vidole. Tazama nyayo kwa taa, utafute kidonda, lengelenge au mwiba. Asitembee peku, hata nyumbani. Asiote miguu karibu na moto. Kidonda kisichouma kwenye mguu wa mwenye kisukari ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana wengi wamepoteza mguu kwa kungoja.

Na tafadhali, usimmezeshe mgonjwa diklofenaki au brufeni kila siku miezi na miezi. Kwa maumivu ya neva hazisaidii sana, na zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa za mwenye kisukari au presha.

Mpeleke haraka bila kungoja kliniki kama miguu imekosa nguvu ghafla, kama ameshindwa kuzuia mkojo au choo, au kama ganzi imeshika upande mmoja wa mwili au uso.

Na kama huzuni ipo kweli?

Tumesema kupewa amitriptilini hakumaanishi una sonona. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu anaweza kuwa nayo. Maumivu yanakula usingizi, kukosa usingizi kunakula moyo, na moyo ukivunjika maumivu yanazidi, hata dawa za kila siku zinaachwa. Mwulize mgonjwa wako maswali mawili: "Kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda?" Akijibu ndiyo, mwambie muuguzi. Jiulize na wewe mlezi pia, maana anayebeba mzigo naye huchoka.

Si kila sonona inahitaji kidonge. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliwafunza wahudumu wa kawaida wa jamii kuongoza vikundi vya watu wenye virusi na sonona isiyo kali. Walikaa pamoja, wakazungumza shida zao, wakafundishana kukabiliana nazo na kutafuta riziki. Utafiti huo wa vituo 30 vya afya ulichapishwa mwaka 2020, na ulionyesha sonona ilipungua sana kwa waliokuwa kwenye vikundi hivyo. Sisi hapa tuna vikundi vya akina mama, merry-go-round na vikundi vya kliniki. Vinaweza kubeba zaidi ya pesa.

Mgonjwa akisema anatamani kufa, usimkemee na usimwache peke yake. Ondoa dawa zote na sumu za shamba karibu naye, umlete hospitali. Usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba. Huyo ni mgonjwa wa kutibiwa. Na kama ana mawazo hayo, mwambie daktari kabla hajaandikiwa amitriptilini, ili apewe dawa iliyo salama zaidi au apewe vidonge vichache vichache, navyo avitunze mtu mwingine.

Maswali mliyoyaleta

"Nikikutwa na dawa hii, majirani watasema nina wazimu. Nifanyeje?" Waambie ukweli: "Ni dawa ya neva za miguu." Huo si uongo, ndiyo kazi uliyopewa kwayo. Na hata kama ungekuwa unatibiwa sonona, sonona ni ugonjwa kama presha, siyo aibu.

"Mume wangu amepata nafuu. Naweza kumpa mama mkwe kidonge kimoja? Naye miguu inamuuma." Hapana, mama. Huenda mama mkwe ana ugonjwa wa moyo ambao hamjaujua. Huenda miguu yake inauma kwa magoti, siyo neva. Mlete apimwe.

"Nimepimwa na kuandikiwa, lakini duka la dawa la hospitali halina. Ninunue nje?" Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, ukiwa na karatasi ya daktari. Hakikisha jina na miligramu ni zile zile. Dawa ya sokoni iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti, usiiguse.

Kazi ya wiki hii ni mbili tu. Leo usiku, tazama nyayo za mgonjwa wako kwa taa. Kesho, tafuta mahali pa juu pa kuweka dawa zote za nyumba. Na yule mama aliyetupa vidonge vyake, arudi kliniki bila woga. Hakuna atakayemgombeza. Atuambie tu aliacha lini na kwa nini, tuanze upya pamoja.

 Mwambie na jirani asiye na redio.